Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Kazi ya kikundi tumepewa, kikundi chenyewe hatukioni

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Makao Makuu ya Chuo.

YAH: KAZI ZA VIKUNDI KWA WANAFUNZI WA ELIMU MASAFA

Mheshimiwa Profesa, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi, na ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu wa Shahada ya Elimu kwa njia ya masafa. Jina la chuo sitalitaja. Wewe unalijua, nami nalijua, na sina nia ya kukichafua chuo ambacho jina lake litakaa juu ya cheti changu.

Kabla ya kuandika hadharani nimepita kila mlango nilioelekezwa. Novemba nilimwandikia msimamizi wa kozi, hakujibu. Januari nilipeleka lalamiko kwenye dawati la msaada la Idara ya TEHAMA, nikapewa namba, na baada ya siku tisa nikakuta pameandikwa "limefungwa", bila neno jingine. Machi, wiki ya mitihani, nilimfuata mratibu wa kituo cha mkoa, Mpanda mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100. Alinisikiliza vizuri, akanipa na kiti, kisha akasema, "Mwalimu, hili ni la makao makuu." Makao makuu nao wakanijibu kwa mstari mmoja: tumelipokea, tunalifanyia kazi. Hiyo ni miezi saba sasa. Kwa hiyo uniwie radhi, Profesa, kama barua hii umeonyeshwa kwenye simu ya mtu kabla haijakufikia mezani.

Jambo lenyewe ni hili. Muhula uliopita nilikuwa na kozi sita, na nne kati ya hizo zilikuwa na kazi ya kikundi, kila moja alama 15 katika zile 40 za mazoezi. Sipingi kazi za vikundi, na naomba hilo lishikwe tangu mwanzo, maana nimeshaona malalamiko ya namna hii yakijibiwa kwa kuambiwa wanafunzi wa masafa ni wavivu wanaotaka mteremko. Sisi ndio tunaozihitaji kuliko wenzetu wa bweni. Wa bweni akikwama kwenye takwimu anagonga mlango wa jirani. Jirani yangu mimi anavua migebuka. Ni mtu mwema sana, ila takwimu zake ni za ndoo.

Kikundi chetu kilikuwa namba 27. Kwenye karatasi tulikuwa sita: mimi, mwalimu wa Ukerewe, ambaye haoni na husomewa maandishi na simu yake, mwalimu wa Tunduru mwenye mtoto mchanga, mwalimu mkuu msaidizi kisiwani Mafia, dada wa Unguja aliyeolewa Muscat na sasa anafundisha chekechea huko, na wa sita ambaye tulimjua kwa namba ya usajili tu. Mada ilikuwa nzuri, na aliyeitunga nampa heshima yake: tulinganishe namna watoto wa darasa la kwanza wanavyojifunza kusoma Kiswahili pale ambapo nyumbani wanaongea lugha nyingine. Hebu fikiria utajiri uliokuwa hapo. Mtoto wa Kikerewe, mtoto wa Kiyao, mtoto wa Karema, mtoto wa Muscat anayemjibu mama yake kwa Kiarabu. Hakuna darasa la bweni ambalo lingekusanya hayo. Ule umbali wetu ndio uliokuwa mtaji. Yaliyotokea baada ya hapo nayapanga kwa namba.

1. Vikundi vinapangwa kwa namba za usajili

Namba zetu zilifuatana, basi tukawa kikundi. Hakuna aliyetuuliza tuko wapi, tunapata nafasi saa ngapi, wala tunatumia kifaa gani. Jumapili, siku ambayo sisi wa huku tumepumzika, kwa dada wa Muscat ni siku ya kazi, na saa yake iko mbele ya yetu kwa saa moja. Mwenzetu wa Tunduru alikuwa huru mtoto akilala, na mtoto mchanga hana ratiba. Wa sita tulimtafuta wiki tatu. Tulipomwomba msimamizi atuambie kama bado ni mwanafunzi, hatukupata jibu. Tukaandika jina lake kwenye jalada kwa sababu maelekezo yalisema wote waandikwe, na moyoni tukijua tunasaini uongo mdogo.

2. Kikundi hakina mahali pa kukaa

Mfumo wetu wa kujifunzia ni Moodle. Programu hii ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na inatolewa bure. Chuo hulipia seva na watu wa kuitunza, si programu yenyewe. Ndani yake kuna jukwaa la majadiliano linaloweza kugawanywa kwa vikundi, kila kikundi kikaona mambo yake peke yake. Kuna ukurasa wa pamoja ambao watu wengi huandika na mfumo ukakumbuka nani kaandika nini na lini. Kuna sehemu ya wanafunzi kusahihishana kazi kwa vigezo vya mhadhiri. Yote hayo yamo kwenye mfumo ambao chuo kinautumia leo.

Sisi tukiingia kwenye kozi tunakuta vitu viwili: maandiko ya PDF na kisanduku cha kuwasilishia kazi. Ukibonyeza majadiliano unaambiwa huna ruhusa.

Basi tukahamia WhatsApp, kama kila mtu. Siitukani WhatsApp, bila yake tusingefika popote. Ujumbe wa sauti ulimfaa sana mwenzetu wa Ukerewe, na wa Tunduru alikuwa akizungumza huku ananyonyesha. Lakini grupu la WhatsApp ni kama baraza la nje ya nyumba: kila mtu anapita, kila mtu anasema, na kilichosemwa jana leo kimeshasukumwa mbali na salamu za asubuhi na picha za mafuriko. Rasimu zilizunguka kwa majina ya kazi, kazi final, kazi final 2, na final ya mwisho kabisa. Mwenzetu wa Mafia aliandika sehemu ya tatu nzima kwenye simu yake, na simu ikadondoka majini wakati anashuka botini Nyamisati. Sehemu ya tatu ikaenda nayo. Mimi nilikuwa nikiandika kwenye daftari na kupiga picha kurasa ili nisimalize bando, nikasahau kwamba picha ya mwandiko, kwa mtu anayesomewa na simu, ni karatasi tupu. Kwa wiki mbili mwenzetu alikuwa anajibu "sawa mwalimu" kwa adabu tu. Hili ni kosa langu, silisukumii chuo. Nalitaja kwa sababu ukurasa wa pamoja wenye maandishi ungelizuia siku ya kwanza.

3. Tumeshitakiwa kwa kushirikiana

Hapa naomba utulie, Profesa, maana ndipo nilipoamua kuandika.

Tulimaliza. Watu watano, kurasa kumi na nane, na nathubutu kusema ni kazi nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuiandika peke yangu. Siku ya kuwasilisha, mmoja wetu akapakia kwa niaba ya wote. Kesho yake mfumo ukatuonyesha wengine wanne kuwa hatujawasilisha. Tukampigia mtu wa TEHAMA, akasema kila mmoja apakie nakala yake. Tukapakia, kila mmoja na faili lile lile, kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa.

Baada ya wiki mbili tukapata barua tano zinazofanana. Programu ya kukagua uigaji imekuta kazi zetu zinafanana karibu zote, na kwa hiyo matokeo ya kozi yanazuiwa hadi tutakapojieleza mbele ya kamati ya nidhamu. Tumeiga nani? Tumeigana sisi kwa sisi. Nilisoma barua ile nikiwa nimekaa kwenye dawati la mwanafunzi, darasa likiwa limetoka, nikacheka, kisha sikucheka tena.

Ilichukua miezi mitatu kusafishwa. Katika miezi hiyo mwenzetu wa Mafia alihitaji matokeo kwa ajili ya mwajiri wake, hakuwa nayo. Tuliporudishiwa alama hakuna aliyesema samahani, barua ilisema tu "shauri limefungwa". Naona chuo kinapenda sana neno hilo.

Likizo ya Juni nikaamua kutafuta kiini. Nikaazima kompyuta ya shule, kijana wa duka la simu hapa Karema akanisaidia, na kwa Jumamosi moja tukasakinisha Moodle yetu wenyewe. Nikaunda chuo chenye kozi moja na kikundi cha watu sita, wote mimi. Kwenye mipangilio ya kazi nikakuta sehemu inayouliza kama wanafunzi wanawasilisha kwa vikundi. Majibu ni mawili, ndiyo au hapana. Ukichagua ndiyo, mmoja akipakia, wote wanahesabiwa wamewasilisha, na alama ya kikundi inamfikia kila mmoja. Faili linakuwa moja, kwa hiyo hakuna cha kulinganishwa nacho. Kwenye kozi yetu paliachwa hapana. Watu watano wameitwa wezi kwa ajili ya kitufe kimoja ambacho mwalimu wa msingi amekiona kwa Jumamosi moja.

4. Namba zetu za simu zimesambazwa

Ili tutafutane, chuo kilipandisha jedwali lenye majina, namba za usajili na namba za simu za wanafunzi wote wa kozi, mamia ya watu, na kila aliyejiandikisha aliweza kulipakua. Ndani ya wiki moja nilishapata ujumbe wa mtu anayeuza kazi zilizoandikwa tayari, na mwingine wa mtu anayeuliza kama nimeolewa. Mwenzetu wa Tunduru alipokea simu saa tano usiku kutoka kwa mwanamume asiyemjua. Mume wake ndiye aliyeipokea. Siku tatu baadaye akatuaga na kulefti grupu, na tukawa tunampelekea kazi kupitia simu ya dada yake. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Hakuna aliyetuuliza kama tunaridhia. Kwenye jukwaa la ndani ya mfumo watu huonana kwa majina tu. Namba ya simu haihitajiki.

5. Vikao vya video

Kulikuwa na vikao viwili vya kuelekezwa kazi, vyote saa nne asubuhi siku ya Jumatano. Darasa letu zima ni walimu. Saa nne asubuhi ya Jumatano mwalimu yuko wapi? Niliomba ruhusa, nikapanda juu ya kilima panaposhika mtandao, nikaingia. Tulikuwa kumi na wanne kati ya mamia. Kamera ya mhadhiri ilikuwa wazi muda wote, na bando langu la wiki likaishia katikati ya kikao. Kikao cha video cha saa moja hula MB 500 kwenda juu bila shida, wakati sauti peke yake hula makumi tu ya MB. Rekodi tuliyoahidiwa haikuwekwa.

6. Hakuna mwalimu ndani ya kikundi

Tangu mwaka 1989, Michael Moore, mmoja wa wataalamu wakubwa wa elimu masafa, aliyagawa mahusiano ya mwanafunzi wa masafa katika mafungu matatu: na somo, na mwalimu, na wanafunzi wenzake. Chuo kimetupa la kwanza, la tatu kimetuachia tujitafutie, na la pili tunalipata siku ya barua ya nidhamu. Kwa wiki kumi hakuna mhadhiri wala mkufunzi aliyechungulia kujua kikundi namba 27 kiko hai au kimekufa.

Sasa najua yatakayojibiwa, kwa kuwa mengine nimeshajibiwa.

Mtasema bajeti haitoshi. Mengi ninayoyalalamikia hayahitaji ununuzi. Kufungua majadiliano ya vikundi, kuchagua ndiyo pale palipo na hapana, kuondoa jedwali la namba za simu, kuhamisha kikao kutoka saa nne asubuhi kwenda saa mbili usiku: hakuna hata moja linalohitaji zabuni.

Mtasema wanafunzi ni watu wazima, wajipange wenyewe. Tulijipanga. Ndiyo maana kurasa kumi na nane zilifika.

Mtasema wahadhiri ni wachache na wameelemewa. Hilo nalikubali bila ubishi, nami mwenyewe nina watoto 94 darasani. Lakini kazi ya kikundi si njia ya kupunguza karatasi za kusahihisha, ingawa kuna wakati nashuku ndipo ilipotokea. Wako wahitimu wetu kila mkoa wanaoweza kulipwa posho kidogo kuangalia vikundi kumi kila mmoja.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba siku hizi vikundi havina maana kwa sababu akili mnemba itawaandikia. Inawezekana. Ila itaandika kwa wepesi zaidi pale ambapo mhadhiri anaona faili la mwisho tu. Akiweza kuona rasimu ya wiki ya pili, ubishi wa wiki ya nne na aliyefuta aya ya nani, atajua kazi imetoka wapi.

Lakini jibu ambalo limenikera kuliko yote ni lile la mtu wa TEHAMA: "Mwalimu, nyie mko vijijini, mtandao hakuna, teknolojia ya vikundi itawasumbua bure."

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu, redio ikarusha vipindi kwa wiki kumi na mbili, na watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili wakakaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi walifundishwa kwanza kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa. Marehemu babu yangu alikuwa mmoja wao, huko Ufipani. Alikuwa akisimulia kwamba kikundi chao kilikuwa na redio moja yenye betri zinazoanikwa juani zipate nguvu kidogo, na kwamba redio ikizimika hakuna aliyeondoka. Walifungua kitabu, mwenye kujua kusoma akawasomea wengine, wakajadili, na maamuzi yakaandikwa kwenye daftari. Kipindi walichokikosa walisimuliwa na kikundi cha kijiji cha pili.

Nayafikiria sana masimulizi hayo. Chombo chao kilikuwa duni kuliko simu ya kitochi ya mwanafunzi wangu wa darasa la saba, lakini kikundi kilikuwa na mahali, siku, kiongozi aliyefundishwa, kitabu mkononi na daftari la kumbukumbu. Waliopanga walijua betri zitakwisha, na wakapanga hivyo hivyo.

Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchi nzima, Dar es Salaam pamoja na Karema. Siku ile wa mjini naye alionja maisha yetu ya kila wiki. Nilikuwa mwaka wa kwanza, na kulikuwa na kazi ya kuwasilisha. Tarehe haikusogezwa. Profesa, anayeamini mtandao unasumbua anatakiwa apange kwa ajili ya mtandao unaosumbua. Programu ya Moodle ya simu humruhusu mtu kupakua somo akiwa na mtandao, akasoma na kuandika mchango wake akiwa hana, kisha ukapanda wenyewe mtandao ukirudi. Mimi ningeandika nyumbani usiku, na asubuhi nikipita kilimani kuelekea shule maneno yangu yangemfikia mwenzangu wa Ukerewe kabla sijapiga kengele. Ila kwa mipangilio ya chuo chetu, programu hiyo ya simu inakataa kuingia. Tumejaribu wote watano.

Basi ombi letu, mimi na wenzangu wanne, ni hili, na tunaomba litekelezwe kabla ya muhula ujao kufunguliwa:

Kwanza, katika kila kozi yenye kazi ya kikundi, majadiliano ya vikundi na ukurasa wa pamoja vifunguliwe, programu ya simu iruhusiwe, na uwasilishaji uwe wa kikundi. Kama wahadhiri hawajui kuipanga, wafundishwe. Ni somo la nusu siku.

Pili, mwanafunzi aulizwe maswali matatu wakati wa kujiandikisha: uko wapi, una nafasi saa ngapi, unatumia kifaa gani. Vikundi vipangwe kwa saa zinazolingana. Sisemi wapangwe waliokaa karibu tu. Kama nilivyosema, umbali ulikuwa mtaji wetu. Na asiyeonekana kwa wiki mbili atafutwe na chuo. Asiachiwe wenzake wamtafute kama mbuzi aliyepotea.

Tatu, alama zigawanywe: sehemu ya kikundi na sehemu ya mtu binafsi kwa mchango wake unaoonekana kwenye mfumo. Dada wa Muscat aliandika theluthi ya kazi yetu. Alipata alama ileile aliyoipata mtu ambaye mpaka leo hatumjui.

Nne, vikao vya moja kwa moja viwe usiku, kwa sauti na slaidi, video iwe hiari, na rekodi ya sauti nyepesi iwekwe kesho yake. Maandiko yote, ya chuo na ya wanafunzi, yawe maandishi halisi yanayoweza kusomwa na simu ya asiyeona. Mengi ya maandiko mnayotuwekea sasa ni kurasa zilizopigwa picha, kwa hiyo kosa langu la daftari nimelirithi.

Tano, jedwali la namba za simu liondolewe leo. Hili halisubiri muhula.

Sita, chuo kizungumze na kampuni za simu kuhusu kuwezesha anwani ya mfumo wa kujifunzia kufunguka bila bando. Afrika Kusini vyuo vikuu vilifanya hivyo mwaka 2020 wakati wa janga la korona. Najua hili litachukua muda na makubaliano, ndiyo maana nimeliweka chini. Likishindikana, kompyuta kumi za kituo cha Mpanda, ambazo nimezikuta zimefunikwa vitambaa mara zote tatu nilizokwenda, zifunguliwe Jumamosi.

La mwisho ni barua ya samahani kwa watu watano walioitwa waigaji. Iwe fupi tu, ila iwe na majina yetu, kama ile ya mashitaka ilivyokuwa nayo.

Sisi hatuji na mikono mitupu. Ile Moodle ya kwenye kompyuta ya shule bado ipo, na nimeandika kurasa nne za maelekezo kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, jinsi ya kupanga kozi yenye vikundi. Mwenzetu wa Ukerewe amezikagua kwa kusomewa na simu yake na kunirekebisha mahali pengi. Mkurugenzi wa TEHAMA akizihitaji nitampelekea siku hiyo hiyo, mtandao ukiniruhusu. Kama kuna mhadhiri ambaye angependa kuifanyia majaribio kozi moja tu, kikundi namba 27 kiko tayari kuwa cha kwanza.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku thelathini, lenye jina la mtu atakayelisimamia jambo hili. Tumechoka kujibiwa na namba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Karema,
kwa niaba ya kikundi namba 27.

Nakala kwa:
Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma
Mkurugenzi wa Elimu Masafa
Mkurugenzi wa TEHAMA
Mratibu wa Kituo, Mpanda (ahsante kwa kile kiti)
Rais wa Serikali ya Wanafunzi
Mwenzetu wa sita, popote ulipo. Jina lako liko kwenye jalada, na nafasi yako bado ipo.